Hatua ya Mwisho Iliyofaulu: Uchunguzi wa Hitilafu za Muunganisho wa Intaneti Kibera na Kawangware

Kompyuta inapoingia intaneti kwa kupiga, yaani kwa kuomba kikao maalumu kutoka kwa seva ya mtoa huduma badala ya kuukuta mtandao ukiwa tayari umefunguliwa, tendo linaloonekana kwa mtumiaji kuwa moja huwa ni mfululizo wa makubaliano madogo yanayofuatana kwa mpangilio usiobadilika. Kifaa hutambuliwa na mfumo, njia ya mawasiliano hufunguliwa, pande mbili hukubaliana masharti ya kuzungumza, mtumiaji huthibitishwa, anwani hutolewa, njia ya pakiti huandikwa kwenye jedwali la mfumo, na mwishowe majina ya tovuti hugeuzwa kuwa namba zinazoeleweka na mashine. Katika mifumo ya jamii ya Unix karibu kila hatua ya mfululizo huu huacha maandishi yanayoweza kusomwa na mtu yeyote aliyepewa ruhusa. Kwa hiyo mtafutaji wa hitilafu hana haja ya kukisia: akishajua hatua ya mwisho iliyofaulu, chanzo cha tatizo kimebanwa kati ya hatua hiyo na ile inayoifuata, na mambo mengine yote anaweza kuyaacha kwa muda. Kanuni hii ni nyepesi kuieleza, ila katika mitaa ya Nairobi kama Kibera na Kawangware, ambako umeme, majengo na nyaya za pamoja vina tabia zake, kuitumia kunadai ujuzi wa mahali sawasawa na ujuzi wa mashine.

Mifumo ya jamii ya Unix ni ile iliyorithi muundo wa Unix, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani. Miongoni mwake imo Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, imo FreeBSD pamoja na ndugu zake, na imo macOS ya Apple. Katika mitaa hii miwili mifumo hiyo imeenea kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa simu za Android huendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa na kumbukumbu, na ruta nyingi zinazotundikwa ukutani nazo zina Linux ndani yake, hata pale ambapo kompyuta ya mwenye nyumba inatumia Windows. Juu ya hayo, kompyuta za mtumba zinazotumika katika maduka ya intaneti yaitwayo saiba, shule na vituo vya vijana mara nyingi huwekewa Ubuntu au mfumo mwingine wa Linux usiodai ada ya leseni na usiolemea mashine kongwe. Anayejifunza kuchunguza muunganisho kwenye Linux, basi, anajifunza pia kuisoma ruta ya jirani.

Historia ya upigaji nchini Kenya inaeleza kwa nini hitilafu za Kibera hazifanani na zile zinazosimuliwa katika miongozo iliyoandikwa Ulaya. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni za kwanza za intaneti, Africa Online ikiwa mojawapo, ziliuza huduma ya kupiga kupitia nyaya za simu za mezani, ambazo zilifika maofisini na katika mitaa yenye uwezo lakini hazikuingia kwenye vichochoro vya Kibera kama Gatwekera, Lindi, Laini Saba au Silanga. Mawasiliano ya nje ya nchi yalipita kwa setilaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, umbali ambao peke yake hugharimu takribani nusu sekunde kwa kila swali na jibu lake. Hali ilibadilika kuanzia Julai 2009, waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulipoanza kazi, ukifuatwa mwaka huohuo na TEAMS unaounganisha Mombasa na Fujairah, kisha EASSy mwaka 2010. Wakati huo wakazi wengi wa mitaa hii walikuwa na laini za simu za mkononi, na kwa hiyo upigaji uliwafikia kwa njia ya hewa, kupitia modemu ndogo za USB zilizopiga namba *99# kwenye mtandao wa simu. Waliokuja baadaye ni watoa huduma wa mtaani, wakubwa na wadogo, wanaorusha mawimbi kutoka paa hadi paa na kuyashusha kwa waya hadi kwenye vyumba.

Njia hizi mbili, ya modemu na ya mawimbi ya paa hadi paa, zinaonekana tofauti, lakini chini yake kuna itifaki moja. Itifaki ni kanuni ambazo mashine mbili huzifuata ili zielewane, na inayohusika hapa ni PPP, iliyoelezwa katika hati ya RFC 1661 ya Julai 1994 kwa ajili ya kuunganisha pande mbili tu, upande mmoja na mwingine. Februari 1999 hati ya RFC 2516 iliongeza PPPoE, ambayo huipitisha PPP ndani ya waya wa kawaida wa mtandao, ili mtoa huduma anayewahudumia watu wengi kwenye waya mmoja aweze kumtambua kila mteja kwa jina na nywila. Programu inayoendesha itifaki hii kwenye Linux huitwa pppd, na ndiyo shahidi mkuu wa uchunguzi wote.

Kabla ya kumhoji shahidi huyo ni lazima kuzungumzia desturi iliyoota mizizi ya kuzima na kuwasha kila kitu mara mtandao unapokatika. Desturi hiyo wakati mwingine hufanikiwa, na ndiyo maana imedumu, lakini inaharibu ushahidi. Batli, yaani maandishi ambamo mfumo hurekodi matukio yake kwa tarehe na saa, katika ruta nyingi huwekwa kwenye kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukizimwa, na hata kwenye kompyuta ya Linux batli ya safari iliyopita hupotea ikiwa mfumo haukuelekezwa kuihifadhi kwenye diski. Mwenye saiba anayehudumia watu wanaowahi kujaza fomu za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, au wanaoomba mkopo wa masomo wa HELB, ana kila sababu ya kutaka mtandao urudi upesi. Hata hivyo dakika mbili za kunakili ujumbe wa mwisho wa pppd kwa amri ya journalctl zingemwokoa asizime na kuwasha tena kesho yake na keshokutwa.

Hatua ya kwanza kabisa ni umeme na kifaa. Kwa modemu ya USB, amri ya lsusb huonyesha vifaa vyote vilivyochomekwa, na dmesg huonyesha yale ambayo kerneli imeyaona tangu mashine iwake. Modemu nyingi za Huawei, ambazo hutambulika kwa namba ya mtengenezaji 12d1, hujitambulisha kwanza kama diski yenye programu za Windows, na hubaki hivyo mpaka programu ya usb_modeswitch izigeuze kuwa modemu. Mtumiaji asiyejua jambo hili huhukumu kwamba modemu imekufa, kumbe bado inasubiri kuambiwa ibadilike. Ikiisha kugeuzwa, hutokea faili za aina ya /dev/ttyUSB0, ambazo ndizo milango ya kuzungumzia nayo, na kama mtumiaji hamo katika kundi la dialout kwenye Debian na Ubuntu, au dialer kwenye FreeBSD, mfumo humnyima ruhusa ya kuufungua mlango huo hata kama kila kitu kingine ni kizima. Hutokea pia programu mbili zikagombea mlango mmoja, ModemManager ikiwa imeushika huku wvdial ikijaribu kupiga, na matokeo yake ni ukimya unaofanana na ubovu wa laini.

Umeme unastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu katika sehemu nyingi za Kibera nyumba huunganishwa kwa nyaya za kienyeji zinazobebeshwa mzigo mkubwa, na volti hushuka jioni watu wanapowasha vifaa vyao kwa pamoja. Mlango wa USB 2.0 umewekewa kikomo cha miliampea 500, na modemu iliyo mahali penye mawimbi hafifu huongeza nguvu ya kurusha, hivyo hutaka mkondo mkubwa zaidi hasa pale ambapo hali ni ngumu. Ikichomekwa kwenye mashine kongwe, au mwisho wa waya mrefu wa kuongezea, volti huanguka kwa muda mfupi, modemu huzimika, kisha hurudi ikiwa na jina jipya, ttyUSB3 mahali pa ttyUSB0, na programu iliyoandikiwa jina la zamani huendelea kuita mlango usiokuwepo. Mtu akitazama alama ya mtandao peke yake ataona kwamba muunganisho umekatika tu. Dmesg humwonyesha kwamba kifaa kilitoka na kuingia, jambo linaloondoa lawama kwa mtoa huduma na kuielekeza kwenye waya wa chumbani.

Kifaa kikiwa hai, huulizwa juu ya mtandao wa simu kwa amri fupi zinazoanza na herufi AT. AT+CPIN? hueleza kama laini inasubiri namba ya siri, na AT+CREG? hueleza kama laini imesajiliwa kwenye mnara: jibu lenye 1 ni ndiyo, 2 ni kwamba bado inatafuta, 3 ni kwamba imekataliwa, na kukataliwa huko hakuponywi kwa kusogeza antena kwa sababu mtandao wenyewe ndio ulioikataa laini. AT+CSQ hutoa namba kutoka 0 hadi 31, au 99 ikiwa kipimo hakijulikani, ambapo kila hatua moja ni desibeli mbili kuanzia hasi 113, hivyo 10 ni hasi 93, kiwango ambacho simu ya sauti huvumilia lakini data huanza kusuasua. Nyumba za mabati hubana mawimbi kwa sababu chuma huyarudisha nyuma, na ndani ya chumba kisicho na dirisha namba hii inaweza kuwa nusu ya ile ya mlangoni. Kipimo kikichukuliwa sehemu mbili, mezani na mlangoni, huamua kwa ushahidi kama tatizo ni ukuta au ni mnara.

Kwa wanaohudumiwa kwa mawimbi ya paa hadi paa, mnyororo huu una sura nyingine, na hapa ndipo Kawangware inapotoa somo lake. Masafa ya gigahezi 5 yanayotumiwa na watoa huduma wengi wadogo yanadai antena mbili zionane, na kuonana huko si kwa mstari mwembamba wa macho tu, kwa kuwa mawimbi husafiri ndani ya eneo lililotuna katikati. Kwa umbali wa kilomita moja, katika masafa ya gigahezi 5.8, utuno huo una nusu kipenyo cha takribani mita 3.6, na kizuizi kikiingia humo hudhoofisha mawimbi hata kama fundi aliye juu ya paa bado anaiona antena ya pili. Kawangware inajengeka kwa kasi, nyumba za mabati zikipisha maghorofa ya kupangisha, na muunganisho uliokuwa mzuri mwaka mzima hudhoofika wiki hadi wiki kadiri jengo la jirani linavyopanda, bila mtu kugusa kifaa chochote. Dalili yake kwenye batli ni ya pekee: nguvu ya mawimbi hushuka polepole na pakiti zinazopotea huongezeka, tofauti na waya uliokatika, ambao huua kila kitu mara moja. Kibera ina hatari yake nyingine, kwamba antena haiwezi kudumu kuliko paa lililoibeba. Julai 2018 ubomoaji wa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata uliondoa nyumba, shule na vituo katika muda wa siku chache.

Mvua hulaumiwa kuliko inavyostahili. Katika masafa ya gigahezi 5 na umbali mfupi wa mtaani, matone yenyewe hupunguza mawimbi kwa kiasi kidogo mno, hata wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei. Kinachokata mtandao siku ya mvua ni maji yanayopenya kwenye viunganishi visivyozibwa, waya wa ndani uliotumiwa nje mpaka ganda lake likapasuka kwa jua, na umeme unaokatika. Ushahidi wa tofauti hii ni kwamba hitilafu ya maji huendelea saa kadhaa baada ya mvua kuacha, na hupona kadiri jua linavyokausha kiunganishi.

Mawimbi yakishuka kutoka paani, huingia kwenye swichi na nyaya za ploti, yaani jengo au ua wenye vyumba vingi vya kupanga, na hapo ndipo PPPoE huanza kazi. Kompyuta hutangaza pakiti iitwayo PADI kwa kila kifaa kilicho kwenye waya ikiuliza kama kuna seva. Seva hujibu kwa PADO. Kompyuta huichagua kwa PADR. Na seva huthibitisha kwa PADS yenye namba ya kikao. Mabadilishano haya yanaweza kutazamwa moja kwa moja kwa tcpdump, kwa kuchuja alama ya 0x8863, na yanatoa jibu ambalo halina utata. PADI ikitoka na PADO isirudi, hakuna nywila iliyokwisha kuulizwa, kwa hiyo kubadilisha nywila ni kupoteza muda. Tatizo liko kwenye waya, swichi, antena au seva yenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba saa nyingi hutumika kuandika upya majina na nywila katika hatua ambayo majina na nywila bado hayajafikiwa, na hilo hutokana na vifaa vingi kuonyesha neno moja la kushindwa kwa sababu zote.

Ploti ina ugonjwa mwingine ambao miongozo ya nyumba za mtu mmoja haiutaji. Mpangaji hununua ruta yake, kisha huchomeka waya wa ploti kwenye mlango usio wake, ule wa kugawia badala ya ule wa kupokelea, na ruta hiyo huanza kuwagawia majirani anwani zake yenyewe. Vyumba vinavyopata anwani kwa njia hii vinaonekana vimeunganishwa, alama zote zikiwa za kijani, lakini pakiti zao huishia kwenye ruta isiyokwenda popote. Amri ya ip route huonyesha anwani ya lango, yaani kifaa kinachopitishiwa pakiti zote za nje, na ikiwa lango hilo ni 192.168.1.1 ilhali mtoa huduma anatumia namba nyingine, mkosaji yumo ndani ya ploti. Amri ya ip neigh hutoa namba ya kifaa hicho, ambayo tarakimu zake za mwanzo mara nyingi humtaja mtengenezaji, na kwa kuzichomoa nyaya kwenye swichi moja baada ya nyingine chumba chenye ruta hiyo hupatikana bila ugomvi na bila kumsubiri fundi wa kampuni.

Kikao kikishafunguliwa, PPP yenyewe huanza mazungumzo yake kwa awamu tatu. LCP hupatanisha masharti ya waya. Kisha hufuata uthibitisho, kwa njia ya PAP inayotuma nywila waziwazi au CHAP inayothibitisha bila kuituma. Na IPCP hutoa anwani. Programu ya pppd ikifa, huacha namba ya sababu, na namba chache kati ya hizo zinatosha kwa kazi nyingi: 8 ni kwamba hati ya kupiga ilishindwa, 10 ni kwamba mapatano hayakufika popote, 15 ni kwamba upande wa pili umeacha kujibu salamu za mara kwa mara, 16 ni kwamba modemu ilikata simu, na 19 ni kwamba uthibitisho ulikataliwa. Mtoa huduma akipigiwa simu na kuambiwa namba 15 na saa ilipotokea, anapata taarifa inayomfaa kuliko malalamiko marefu kwamba mtandao ni mbaya.

Namba 19 inahitaji tahadhari, kwani haimaanishi kila mara kwamba nywila imekosewa. Nywila yenye alama ya # isiyofungwa kwa alama za kunukuu katika faili la /etc/ppp/chap-secrets hukatwa katikati kwa sababu mfumo huchukulia kilichobaki kuwa maelezo ya pembeni, na hilo ni kosa la mtumiaji. Lakini sababu inayotokea sana mahali penye umeme wa kukatikakatika ni nyingine kabisa. Muunganisho unapofungwa kwa utaratibu, kompyuta hutuma PADT kuiaga seva. Umeme ukikatika ghafla, salamu hiyo haitumwi, na seva huendelea kuamini kwamba mteja yumo ndani mpaka muda wake wa kusubiri uishe. Umeme ukirudi baada ya dakika moja, ruta hupiga tena, na seva iliyopangwa kukubali kikao kimoja kwa kila jina huikataa kana kwamba ni mgeni anayetumia jina la mwingine. Mteja aliyelipa anahesabiwa kuwa amekosea nywila. Dawa ni kusubiri dakika chache, na ile ya kudumu iko kwa mtoa huduma, ambaye anaweza kupunguza muda wa kushikilia vikao vilivyokufa au kuiruhusu seva imwondoe wa zamani anapokuja mpya. Kutofanya hivyo katika mtaa ambao umeme wake unajulikana ni uzembe unaowaumiza wateja wasio na hatia.

Anwani ikipatikana, watu wengi hudhani kazi imekwisha, ilhali kuna hitilafu nne ambazo huzaliwa baada ya hapo. Ya kwanza ni njia: pppd hukataa kuibadilisha njia kuu iliyokuwepo, kwa mfano ile iliyoachwa na mtandao wa WiFi wa jirani, na huandika hivyo kwenye batli, huku pakiti zikiendelea kwenda kusikofaa. Ya pili ni majina: ikiwa anwani ya namba, kama 8.8.8.8, inajibu ping lakini jina la tovuti halijibu, faili la /etc/resolv.conf halina seva sahihi ya majina, na chaguo la usepeerdns ndilo linaloiambia pppd izipokee zile za mtoa huduma.

Ya tatu ni ukubwa wa pakiti, na imewasumbua hata mafundi wazoefu. Waya wa kawaida hubeba pakiti ya baiti 1500. PPPoE huchukua 8 kwa ajili ya vichwa vyake, na kubakiza 1492. Mashine inayotuma 1500 hutegemea kuarifiwa kwamba pakiti ni kubwa mno, na pale ambapo taarifa hizo zimezuiwa njiani, pakiti kubwa hupotea bila neno. Ping hufanya kazi, ujumbe mfupi hupita, ukurasa mwepesi hufunguka, lakini fomu nzito ya serikali au picha ya cheti hukwama nusu. Kwenye Linux jaribio lake ni ping -M do -s 1464, ambayo pamoja na baiti 28 za vichwa hutimiza 1492, na hufuatwa na lile la 1472 linalotimiza 1500. La kwanza likipita na la pili likakwama, kipimo cha kweli cha njia kimejulikana, na ruta huagizwa kuwapunguzia wote hadi 1452 kiasi cha data ndani ya kila pakiti ya TCP.

Ya nne inahusu kompyuta za mtumba. Betri ndogo ya saa iliyoko ndani yake ikiisha, mashine huamka kila asubuhi ikiamini kwamba ni mwaka wa zamani, na tovuti salama, ambazo vyeti vyake vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, hukataliwa zote kwa pamoja. Mtandao ni mzima, ping inajibu, majina yanapatikana, ila hakuna kinachofunguka; timedatectl huonyesha kosa hilo mara moja. Kwa gharama ya betri moja, maabara nzima ya shule hurudi kazini.

Malipo nayo ni hatua ya mnyororo, ingawa hayamo katika hati yoyote ya RFC. Mitandao mingi ya mtaani huuza saa au siku kwa vocha inayolipiwa kwa M-Pesa, na kifurushi kikiisha, seva haikati kikao bali huelekeza kila ombi kwenye ukurasa wake wa malipo. Kwenye kompyuta isiyo na kivinjari wazi, kwa mfano seva ndogo ya kituo inayojisasisha usiku, hali hii huonekana kama hitilafu ya ajabu ambapo kila tovuti inajibu kwa ukurasa uleule. Amri ya curl -I kwa anwani yoyote isiyo salama huifichua, kwa kuwa jibu lake hutaja kuelekezwa kwingine.

Baada ya hapo huanza eneo ambalo mchunguzi wa mtaani hana mkono nalo, lakini anaweza kulitambua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu Kenya nzima. Siku kama hizo, tofauti kati ya mawasiliano ya ndani na ya nje ya nchi ndiyo inayosema ukweli, na Kenya ina chombo cha kuipimia: KIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti hubadilishana pakiti bila kuzipeleka ng'ambo, kilichozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya muda mfupi kwa mzozo wa leseni, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Tovuti iliyohifadhiwa nchini ikijibu kwa milisekunde chache huku ya Ulaya ikikaa kimya, ruta ya chumbani haina kosa na haifai kuguswa. Mtandao wa jamii wa TunapandaNET, uliojengwa Kibera na Taasisi ya Tunapanda kuunganisha shule na vituo vya vijana, ulikwenda hatua zaidi kwa kuweka maudhui ya masomo kwenye seva ya ndani, ili kukatika kwa njia ya nje kusimaanishe kukatika kwa somo. Mfumo wa leseni za mitandao ya jamii uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya mwaka 2021 umeipa mipango ya namna hiyo mahali pa kusimama kisheria, na thamani yake katika suala la hitilafu haijasemwa vya kutosha: mtandao unaomilikiwa na watumiaji wake ni mtandao ambao batli zake ziko wazi kwao.

Hitilafu ngumu kuliko zote ni ile inayokuja na kuondoka, kwa sababu fundi afikapo huikuta haipo. Dhidi yake hakuna ujanja ila kumbukumbu iliyoandikwa kwa uvumilivu. Hati fupi ya mistari michache, inayopiga ping kila dakika kwa lango la ploti, kwa seva ya mtoa huduma na kwa anwani moja ya ng'ambo, ikiandika saa na matokeo kwenye faili, hutosha kuendeshwa kwenye kompyuta kongwe au simu ya Android yenye programu ya Termux kwa wiki moja. Lango likijibu wakati seva haijibu, kasoro iko kati ya paa na mnara. Lango lenyewe likinyamaza saa moja usiku kila siku, volti ya ploti ndiyo ya kutazamwa. Na vyumba viwili au vitatu vikiweka faili zao pamoja, saa zinazolingana hutenganisha kosa la chumba kimoja na la ploti nzima. Faili hizo ndizo zinazopaswa kuwekwa mbele ya mtoa huduma wakati wa kudai fidia ya siku zilizopotea au fundi wa kupanda paani, kwa kuwa zina tarehe na saa zinazoweza kulinganishwa na batli za seva yake mwenyewe.